Nyamgondho Mwana wa Ombare na Istilahi za Hadithi

Mwezi wa Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walidai mjini Nairobi kwamba fasihi ya Afrika, pamoja na ile simulizi, iwe kiini cha masomo ya chuo kikuu. Dai hilo lilituachia kazi ambayo haijakwisha: kuzieleza hadithi za wazee kwa istilahi zisizozipotosha.

Tuchukue sigana, kama Wajaluo waiitavyo hadithi, ya Nyamgondho. Simulizi hili lina mahali pake, ufuko wa Nyandiwa huko Gwassi, katika jimbo la leo la Homa Bay. Maskini huyu alitega samaki akanasa ajuza. Alimchukua nyumbani akamwoa, na mifugo ikajaa boma. Utajiri ukamlevya, na pombe vilevile. Usiku mmoja, akiwa amelewa, alimtukana mkewe kwamba aliokotwa ziwani. Mke aliondoka, na mifugo yote ikamfuata majini. Nyamgondho alisimama ufukoni ameegemea fimbo yake, akageuka mti.

Msuko wa hadithi hii hautusumbui. Unaanzia majini na kurudi majini. Mgogoro nao si wa mume na mke tu, ijapokuwa ndivyo wanafunzi wengi huandika. Ni wa mtu na asili ya mali yake, asiyotaka kuikumbuka ila kwa tusi.

Neno lenye uzito ni mhusika. Nyamgondho hutajwa pamoja na baba yake, Ombare, kama atajwavyo mtu wa ukoo. Je, tukimwita mhusika tunamfanya kiumbe cha kubuni? Sidhani. Neno hili latokana na kuhusika, na hata barazani mhusika ni yule ambaye shauri lamgusa. Halisemi kama aliishi au hakuishi. Hivyo mwanahistoria na mhakiki waweza kulitumia pamoja bila kumnyang'anya mtu wa Gwassi mzee wake. Hata huko Migori, penye kuta za mawe za Thimlich Ohinga zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, mtafiti akusanyaye habari za waliozijenga atalihitaji neno la namna hiyo.

Kinaya kina shida yake. Katika balagha ya Kiarabu, ni kusema jambo kwa njia ya kando. Wahakiki wetu wamelipanua hata likabeba tukio linalopindua matarajio. Upanuzi huo naukubali, mradi tusiuchanganye na kejeli. Tusi la Nyamgondho ni kejeli, naye alilikusudia. Lakini alichokisema kwa dharau, kwamba mkewe ni wa ziwani, kilikuwa kweli tupu, na kwa kweli hiyo ziwa lilidai kilicho chake. Hapo ndipo penye kinaya, na msemaji mwenyewe hakukijua.