Miaka 20 ya EMINI: Kyela ilivyofundisha kuhesabu mtu pamoja na nyumba yake

Mwaka 2026 unatimiza miaka 20 tangu watafiti waanze kupita nyumba kwa nyumba Kyela, wakiuliza maswali, wakichukua damu na kuandika kila kaya ilipo kwa vipimo vya setilaiti. Utafiti huo uliitwa EMINI. Uliendeshwa na kituo cha Mbeya ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich, Ujerumani. Kyela ilikuwa moja ya maeneo 9 yaliyochunguzwa katika mkoa wa Mbeya wa wakati ule. Ilichaguliwa kaya moja kati ya kila kaya 10, na watu wale wale walirudiwa mwaka hadi mwaka mpaka 2011.

Ukitazama takwimu hizo vizuri, utaona zimepangwa kama ngazi. Vipimo vya kila mwaka vimo ndani ya mtu, mtu yumo ndani ya kaya, na kaya imo ndani ya eneo. Wanatakwimu wana njia maalumu ya kuzisoma takwimu za namna hii, nayo ni modeli za ngazi nyingi. Kijana yeyote anayesomea utafiti leo anaambiwa ajifunze njia hiyo, na wengi wanaiogopa. Mtoto wa Kyela hana sababu ya kuiogopa, kwa sababu babu zake waliishi ndani yake.

Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa Unyakyusa, nchi ya Wanyakyusa ambayo Kyela ni sehemu yake, kati ya 1934 na 1938. Mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu chake kuhusu vijiji vya rika. Anaeleza kwamba mvulana akifika miaka 10 hivi aliondoka kwa baba yake, akajenga na wenzake pembezoni mwa kijiji cha wazazi, huku wakienda kula kwa mama zao kwa makundi. Rika likawa kijiji chenye mkuu wake, na vijiji vikawa chini ya chifu. Msingi wa yote ulikuwa ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa wema, kula pamoja na kuzungumza pamoja. Mtu hakuelezeka bila rika lake, wala rika bila uchifu wake.

Wasomi wa takwimu walichelewa kulikubali jambo hilo, na walilikubali baada ya ugomvi. Mwaka 1976 Neville Bennett wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, alitoa kitabu kuhusu mitindo ya kufundisha. Alikuwa amechunguza madarasa ya walimu 37, na akasema watoto waliofundishwa kwa mtindo wa zamani, mwalimu akiongoza kila kitu, waliendelea kuliko wa madarasa huria. Magazeti yaliidaka habari hiyo, wazazi wakahamaki, walimu wakanuna. Oktoba mwaka huo huo Waziri Mkuu James Callaghan alisimama Chuo cha Ruskin, Oxford, akataka taifa zima lijadili elimu yake.

Wakosoaji wakauliza swali moja gumu: umehesabu nini? Bennett alikuwa amewahesabu mamia ya watoto kana kwamba kila mmoja alisoma peke yake. Lakini watoto wa darasa moja wana mwalimu mmoja. Mwalimu akiwa hodari wanapanda wote, akiwa mzembe wanashuka wote. Jambo lililokuwa likipimwa ni mtindo wa mwalimu, na walimu walikuwa 37 tu. Mwanatakwimu Murray Aitkin na wenzake walizirudia takwimu zile zile kwa modeli inayomweka mtoto ndani ya darasa lake. Mwaka 1981 walichapisha matokeo: ile tofauti kubwa kati ya mitindo ilikuwa imenywea, haikuweza tena kusimama kama ushahidi. Bennett mwenyewe aliweka jina lake kwenye mojawapo ya makala za kurudia hesabu hizo. Huo ni uungwana wa kielimu unaostahili kusimuliwa katika kila chuo chetu.

Hesabu ya kosa lile la kumhesabu kila mtu peke yake si ngumu. Tuseme umepima watu 500 katika kaya 100, watano kila kaya. Ikiwa robo ya tofauti zote kati ya watu inatokana na kaya wanazotoka, watu wako 500 wana uzito wa watu 250 tu wasiohusiana. Asiyejua hilo atatangaza ugunduzi ambao haupo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Uingereza, mwanatakwimu Harvey Goldstein alichapisha makala yake ya msingi kuhusu modeli za ngazi nyingi mwaka 1986 na kitabu mwaka 1987. Marekani, Stephen Raudenbush na Anthony Bryk walikuwa kwenye njia hiyo hiyo. Hapa kwetu, jaribio la Mwanza la 1991 hadi 1994 kuhusu tiba ya magonjwa ya zinaa na maambukizi ya VVU lililinganisha jamii 12 zilizopangwa kwa jozi 6, jamii kwa jamii, si mtu kwa mtu.

Kisha ikaja zamu ya Kyela. Bonde letu la mpunga, lenye maji mengi na mbu wengi, lilijulikana kwa matende na mabusha. Watafiti walizipima damu zilizohifadhiwa na EMINI, wakatafuta nani alikuwa na minyoo ya matende kabla ya kuambukizwa VVU. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2016. Wenye minyoo waliambukizwa kwa kiwango cha watu 1.91 kwa kila watu 100 kwa mwaka, na wasio nayo 0.80. Dunia nzima ya utafiti wa VVU ikaijua Kyela. Jibu hilo lisingepatikana kama watu wa Kyela wasingekubali kurudiwa mwaka hadi mwaka, kila mmoja akijulikana kwa kaya yake.

Tangu hapo tumefanya nini? Vifaa vya kazi vipo: programu ya kompyuta ya R, inayoweza kukokotoa modeli za ngazi nyingi, haina malipo. Chuo Kikuu cha Bristol kinatoa mafunzo ya bure ya modeli hizi kwenye intaneti, ila kwa Kiingereza. Kijana wa Ipinda au Matema anayesomea takwimu anafundishwa kwa mfano wa shule za London, ilhali mfano ulio bora zaidi umetoka katika damu ya bibi yake. Hii si haki.

Vyuo vyetu viandike somo hili kwa Kiswahili, vitumie takwimu za Kyela, na matokeo yasomwe vijijini kabla hayajasomwa Munich. Waliotoa damu yao miaka 20 iliyopita wanatudai hilo.