Mercedes-Benz 300 SL: Gari la Kutunzwa kwa Mikono

Gari hili la milango miwili lilioneshwa kwa mara ya kwanza New York, Februari 1954. Hadi 1957 yalikuwa yametengenezwa 1,400. Fremu yake ni mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa, na kwa kuwa yanapita juu ubavuni, mlango wa kawaida haukupata nafasi. Ndiyo maana milango hufunguka kwenda juu.

Kazi kubwa ya fundi iko kwenye mfumo wa petroli. Pampu ya Bosch hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda 6, jambo la nadra sana kwa magari ya barabarani ya wakati ule. Dereva akizima gari, pampu huendelea kusukuma petroli mpaka injini isimame kabisa. Petroli hiyo isiyoungua huosha kuta za silinda, kisha huchuruzika chini na kuifanya oili kuwa nyepesi. Gari likitembezwa safari fupi tu, oili huharibika upesi. Fundi makini huchomoa kijiti cha kupimia oili, huinusa oili, na ikinuka petroli huimwaga yote bila kungoja.

Boneti, milango na kifuniko cha buti ni vya alumini. Sehemu kubwa ya bodi ni chuma. Metali hizi mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa polepole chini ya rangi, mahali jicho halifiki. Kwa hiyo ukarabati wa kweli huanza kwa kuitoa bodi na kulikagua kila bomba la fremu, kiungo kwa kiungo.