Datsun 240Z: Rahisi Iliyogeuka Ghali

Magari mengi ya kale ya Kijapani yalitengenezwa ili mtu wa kawaida ayamudu. Yakizeeka, mtu huyohuyo ndiye wa kwanza kushindwa nayo. Mfano wangu ni Datsun 240Z.

Nissan walianza kuliuza mwaka 1969. Marekani bei yake ilikuwa kama dola 3,500, wakati Jaguar E-Type lilikuwa linapita dola 5,000. Kwa pesa hiyo ulipata injini ya silinda 6 yenye lita 2.4, na umbo la kugeuza shingo za watu. Huku kwetu sifa zake zilitangazwa na matope. Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani kinachommaliza mwenye gari hili leo ni injini. Wala! Injini ile ni ngumu, na fundi anayejua kazi ataifungua na kuifunga. Adui ni kutu. Bodi za enzi zile hazikuwa na kinga kama za leo, kwa hiyo maji yalijificha kwenye sakafu, chini ya betri na ndani ya vyuma vinavyobeba bodi. Rangi inang'aa juu, chini kumeoza. Dawa yake ni kukata bati bovu, kuchomelea jipya, kunyoosha, kisha kupiga rangi upya. Bati lenyewe si bei. Bei ni saa za fundi.

Nissan wenyewe waliionja hesabu hiyo. Miaka ya 1990, tawi lao la Marekani lilinunua 240Z zilizochoka, likazifufua na kuziuza tena kwa karibu dola 25,000. Mpango ulikuwa magari 200. Hayakufika hata 50. Sasa kama mwenye kiwanda kakwama, mwenye mshahara je?

Nyumbani kwake Japani, mzigo una sura nyingine. Gari binafsi hupelekwa kila baada ya miaka miwili kwenye ukaguzi wa lazima uitwao shaken. Likipita miaka 13, kodi yake ya uzito hupanda, na likipita 18 hupanda tena. Wengi huona heri waliuze mapema, na hiyo ni sababu mojawapo ya meli kushusha magari ya mtumba Mombasa na Dar es Salaam. Anayeng'ang'ania gari la 1971 anamlipa fundi, ananunua vipuri adimu, halafu umri wenyewe unatozwa kodi.

Kwangu mimi hapa ndipo suala linapoacha kuwa la gereji. Gari lililoshinda Safari ya 1971 linatunzwa na Nissan kwenye ghala lao la kumbukumbu huko Zama, Japani. Lilipata jina kwenye barabara zetu, lakini ukitaka kuliona, kata tiketi ya ndege. Siwalaumu wazee wetu walioziuza Datsun zao kama chuma chakavu. Gari lilikuwa la kazi, na watoto walihitaji ada. Ila tukubaliane: kumbukumbu nayo ina bili yake, na anayeilipa ndiye anayebaki na funguo.