Horme na Sikujua

Babu mzaa mama aliwinda kwa mbwa, kule Iramba, mpaka miguu ilipomkatalia. Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuruhusu mtu aihoji: dume huwinda, jike huzaa. Mbwa wake watatu walikuwa madume, Simba, Hayakuhusu na Tutaonana. Wa nne, jike, aliingia nyumbani kwa njia ya deni. Mtu mmoja aliyekuwa akidaiwa mbuzi alimleta kama rehani, akaahidi kurudi kumkomboa, na hakuonekana tena. Babu akampa yule jike jina la Sikujua.

Mwaka juzi nilisoma habari za mbwa jike mwingine, aliyekufa zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, na tangu hapo Sikujua hajanitoka akilini. Huyo wa kale aliitwa Horme. Mwenyewe alikuwa Arrian, Mgiriki wa mji wa Nicomedia, aliyesoma kwa mwanafalsafa Epictetus na baadaye akawa gavana wa Kapadokia chini ya Kaisari Hadrian. Wengi wanaomjua wanamjua kwa historia yake ya vita vya Alexander. Mimi nilimfahamu kwa kitabu chake kidogo cha uwindaji, ambacho ndani yake aliuliza swali lile lile la babu: kati ya dume na jike, nani mgumu zaidi?

Swali hilo lilikuwa la zamani hata kwake. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alikwisha kulitolea hukumu. Aliandika kwamba karibu katika wanyama wote jike ana moyo mlaini kuliko dume, isipokuwa dubu na chui, ambao majike yao huhesabiwa kuwa jasiri zaidi. Lakini papo hapo anakiri kwamba katika mbwa wa Laconia, nchi ya Wasparta, jike ana akili kuliko dume. Na mahali pengine anasema mbwa dume wa Laconia huishi kama miaka 10 na jike kama 12, kwa sababu dume hufanya kazi nzito zaidi. Hapo nilisimama kidogo. Kama ni kweli dume alifanya kazi zaidi, alifanya kwa kuwa anaweza zaidi, au kwa kuwa ndiye aliyepelekwa porini?

Xenophon wa Athene, aliyemtangulia Aristotle, hakuwa mtu wa kubahatisha mambo haya. Wasparta walimpa shamba huko Scillus, karibu na Olympia, na huko aliwinda. Katika kitabu chake cha uwindaji mbwa wa kusaka sungura wanatajwa kwa jinsia ya kike. Kwetu Kiswahili hakitulazimishi kuchagua. Mbwa ni mbwa, na mpaka uongeze "jike" au "dume" msikilizaji hajui. Kigiriki kinataka uchague, naye akachagua la kike. Mbwa jike, anasema, aanze kupelekwa mawindoni akiwa na miezi 8, na dume akiwa na miezi 10. Yaani jike hukomaa kwanza. Anaeleza pia kwamba mimba ni siku 60, na kwamba majike yapandishwe wakati wa baridi, yapumzishwe kazi, ili majira ya kuchipua yakifika yazae watoto wenye nguvu.

Kisha anatoa orodha ya majina 47 yanayofaa mbwa, yote mafupi, ya kuitika kwa pumzi moja. Moyo, Mkuki, Ngao, Hasira, Furaha, Ujana. Babu angeicheka orodha hiyo, kwa kuwa kwetu jina la mbwa ni ujumbe kwa jirani. Ukimwita Hayakuhusu kwa sauti jioni, mwenye kuhusika anasikia. Jina la mwisho kabisa katika orodha ya Xenophon, la 47, ni Horme. Maana yake ni ile nguvu inayomsukuma kiumbe kwenda mbele.

Karne kama tano zilipita ndipo Arrian alipolichukua jina hilo akampa mbwa wake. Alimheshimu Xenophon kiasi cha kujiita kwa jina lake. Lakini alimwona ana pungufu moja: hakuwajua mbwa wa Waselti, wale wembamba wenye kasi walioitwa vertragus, ambao hawamfuati sungura kwa harufu bali kwa macho na mbio. Horme alikuwa wa aina hiyo. Macho yake yalikuwa na rangi ya kijivu. Alikuwa mwepesi, mpenda kazi, mwenye moyo, na katika siku za nguvu zake aliwahi kuwakabili sungura wanne. Nyumbani hakumwacha bwana wake. Alimfuata akitoka, alimngoja, na akimwona tena baada ya muda mfupi tu alimrukia kama mtu aliyerudi safari ya mbali.

Kuna jambo jingine Arrian analisimulia bila aibu. Horme aliwahi kupigwa mjeledi alipokuwa mdogo. Hata alipokua, mtu akiutaja mjeledi tu, alimwendea aliyeutaja, akajikunyata, akaomba, akainua mdomo kama anayetaka kubusu, akaning'inia shingoni pake, na hakumwachia mpaka hasira ipoe. Arrian anasema ameliandika jina lake ili wa baadaye wajue kwamba aliishi. Kidogo tu lisingetufikia. Kitabu kilikaa katika maktaba ya Vatican bila kujulikana mpaka msomi Lucas Holstenius alipokichapisha mwaka 1644.

Sasa, mtu aliyempenda mbwa jike namna hii, ungetarajia atoe hukumu gani? Arrian anasema jike ana mbio kuliko dume, lakini dume huvumilia kuliko jike, na anaweza kukimbia kutwa nzima. Jike huhifadhi kasi yake mpaka mwaka wa tano, dume mpaka wa kumi. Kwa hiyo dume mzuri, asema, ni mali kubwa, na humpati bila fadhila ya mungu fulani.

Niliisoma sehemu hiyo mara tatu. Sina sababu ya kumkatalia alichokiona kwa macho yake. Nakataa kuita tofauti hiyo ugumu. Chukua hesabu ya Xenophon mwenyewe, siku 60 za mimba, ongeza wiki za kunyonyesha, ongeza muda wa mwili kurudi hali yake, halafu rudia mwaka baada ya mwaka. Dume aliyempanda amemaliza sehemu yake kabla jasho halijamkauka bwana wake, na kesho yuko porini. Ukifika mwaka wa tano, yupi atakuwa amechoka? Jike hapo anapimwa akiwa amebeba mzigo ambao mpimaji ameamua usihesabiwe.

Waingereza ndio waliokuja kuliweka swali hili uwanjani. Kuanzia 1836, huko Altcar karibu na Liverpool, walishindania kombe la Waterloo Cup. Mbwa wawili wa mbio, grehaundi, waliachiwa kwa pamoja nyuma ya sungura, na mwamuzi juu ya farasi aliwapa alama kwa kasi na kwa kumgeuza sungura njia. Madume na majike walipangwa pamoja. Shindano lilipofikia mbwa 64, mshindi alilazimika kushinda mbio sita katika siku tatu, na siku ya tatu kasi peke yake haikutosha. Jike Cerito alishinda mwaka 1850, 1852 na 1853. Jike mwingine, Coomassie, alishinda 1877 na 1878, naye alikuwa mdogo wa mwili, hakufika kilo 20. Jina hilo ni namna Waingereza wa enzi ile walivyoandika Kumasi, mji wa Waashanti ambao jeshi lao liliuchoma mwaka 1874. Hata mbwa walibebeshwa vita vyao.

Wanaokumbukwa zaidi, hata hivyo, ni madume. Master M'Grath wa Ireland, mshindi wa 1868, 1869 na 1871, ana mnara wake. Fullerton, aliyegawana kombe mwaka 1889 kisha akalitwaa peke yake miaka mitatu mfululizo, alikaushwa akawekwa katika jumba la makumbusho. Si wengi wanaotaja kwamba mama yake Fullerton, Bit of Fashion, aligawana kombe lilo hilo mwaka 1885, na kwamba aliyegawana naye, Miss Glendyne, alikuwa jike vilevile. Shindano lilifanyika mara ya mwisho mwaka 2005, baada ya sheria ya 2004 kukataza uwindaji wa namna hiyo. Silililii. Arrian alisema mwindaji wa kweli hufurahi sungura akiponyoka, nami naona sungura wa Altcar wangependa kumsikia.

Nirudi Iramba. Nilikuwa na miaka tisa, likizo ya mwezi wa sita. Babu alitoka na madume wake watatu, na Sikujua, aliyekuwa ananyonyesha, akafungiwa zizini. Alichimba chini ya ukuta wa miti akatoka. Mjomba aliyekuwa kwenye msafara ndiye aliyetusimulia, kwa kuwa babu hakuwa mtu wa masimulizi. Waliibua ngiri, ngiri akaingia shimo la muhanga kinyumenyume kama ilivyo kawaida yake, meno yakiangalia nje. Simba alisogea akachanwa bega, akarudi nyuma, na siku hiyo hakusogea tena. Hayakuhusu alibwekea mbali. Tutaonana alifanya kama jina lake. Sikujua aliwakuta pale, akasimama mdomoni mwa shimo, na kila ngiri alipotaka kutoka alimrudisha. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa mbuyu hadi wa pili ndipo wazee walipofika na mikuki. Sikio lake la kushoto lilikuwa limepasuka vipande viwili, na maziwa yalikuwa yakimdondoka vumbini.

Jioni babu alimpa ini, kitu ambacho mbwa wake hawakuwahi kupewa. Akamtazama akila, akasema, "Huyu ana moyo wa kiume."

Bibi alikuwa akipepeta mtama. Akasema bila kuinua kichwa, "Basi huo wa kiume Simba kauacha wapi?"

Babu hakujibu. Nilicheka, nikakanywa.

Kuna jambo nililoliruka. Kama wiki tano kabla ya ngiri, siku za mwanzo za Mei, nilipokuwa nimepelekwa kwao kwa ajili ya surua iliyokuwa mtaani kwetu, Sikujua alizaa watoto sita. Babu aliwageuza mmoja mmoja mchana kwenye mwanga wa mlango. Wawili walikuwa madume, akawarudisha. Wanne akawaweka kwenye kikapu cha bibi. Ndivyo alivyofanya siku zote, na ndivyo walivyofanya majirani, kwa hoja kwamba jike ataleta watoto wengine na chakula cha mbwa hakitoshi. Nilipokuja kupiga hesabu nikiwa mtu mzima, niliona kwamba babu alikuwa amejaribu porini madume zaidi ya ishirini katika maisha yake. Majike alijaribu mmoja, na huyo alitoroka zizini.

"Mke wangu," aliniita, kama mababu wanavyowaita wajukuu wa kike, "beba kikapu, mimi mgongo unanisumbua."

Nilibeba. Walikuwa wepesi na wa moto, nikausikia moto wao tumboni kwangu njia nzima mpaka korongoni, ambako maji ya masika yalikuwa bado hayajakauka. Babu aliniambia nigeuke niangalie mlima, nikaangalia mlima. Tuliporudi kikapu kilikuwa kimeloa na nilikibeba mimi tena.

Sikujua alitukuta njiani. Alinusa kikapu, ndani na nje. Kisha alinusa mikono yangu, mmoja, halafu wa pili, kwa muda mrefu, mkia ukiwa chini. Babu akampigia mluzi, hakumfuata. Alipomaliza aligeuka akaenda nyumbani mbio, kwa wale wawili.