KIPRO: KISIWA CHA NYUMBANI KWA BARNABA



Watalii wanaoenda Kipro hufuata jua na bahari. Wengi hushukia Pafo, na hapo hupelekwa kuona sakafu za Kirumi zilizopambwa kwa vijiwe vya rangi. Ziligunduliwa mwaka 1962, mkulima alipokuwa akilima shamba lake. Sehemu moja inaonyesha watu wa kwanza kunywa divai, na tayari wamelewa! Paulo hakuiona. Nyumba hiyo ilijengwa zaidi ya miaka 100 baada yake.

Kisha wanaonyeshwa nguzo ya jiwe na kuambiwa Paulo alifungwa hapo akachapwa viboko 39. Hayo ni mapokeo. Luka katika Matendo 13 hataji viboko vyovyote Pafo. Anasema liwali Sergio Paulo aliwaita Barnaba na Sauli ili asikie Neno (watu wa Mombasa na Lamu, hilo neno liwali ni lenu), mchawi Elima akapinga, akapigwa upofu, na liwali akaamini.

Lakini mimi ningepewa siku moja tu Kipro, ningeenda Salami, upande wa mashariki. Leo ni magofu karibu na Famagusta: nguzo, bafu za Kirumi, ukumbi wa maonyesho wenye ngazi za mawe. Kisiwa kiligawanyika mwaka 1974, kwa hiyo Salami iko upande wa Waturuki na Pafo upande wa Wagiriki. Anayetaka kuona kote mbili lazima apite kizuizi cha ukaguzi.

Kwa nini Salami? Kwa sababu hapo Barnaba alishuka merikebuni akiwa kwao. Ni Mlawi, mzaliwa wa Kipro, yule aliyeuza shamba akaweka fedha miguuni pa mitume (Mdo 4). Ndiye aliyemtetea Sauli Yerusalemu wakati wote walimwogopa, na ndiye aliyemfuata Tarso kumtafuta. Sasa anamleta kwao.

Fungua Biblia uangalie majina. Wanaingia Kipro, Luka anaandika Barnaba na Sauli. Wanatembea kisiwa chote, zaidi ya kilomita 150. Wanatoka Pafo, sasa ni Paulo na wenzake (Mdo 13:13). Barnaba hata jina halitajwi! Mzee alipoteza nafasi ya kwanza katika nchi yake mwenyewe, mbele ya watu wa kwao, kwa kijana aliyemlea. Na hakuna mstari unaosema alinung'unika, au alienda kufungua huduma yake mtaa wa pili.

Walikuja kugombana baadaye, ni kweli, lakini ni kwa ajili ya Marko, aliyekuwa amewaacha njiani. Barnaba alimchukua kijana huyo akarudi naye Kipro (Mdo 15:39). Hapo Matendo yanamwacha.

Karibu na Salami kuna monasteri yenye jina lake, na kaburi linalosemekana kuwa lake. Mwishoni mwa karne ya 5 kanisa la Antiokia lilitaka kulitawala kanisa la Kipro. Askofu mkuu Anthemios akatangaza kwamba amepata mwili wa Barnaba, na kaisari Zeno akaipa Kipro uhuru wake. Yaani kaburi la mtu aliyekubali kuwa wa pili ndilo lililoamua kesi ya ukubwa. Askofu mkuu wa Kipro hutia sahihi kwa wino mwekundu hadi leo, na chanzo chake kinahesabiwa kuwa zawadi ya kaisari huyo.

Kesho, Mungu akitujalia, tunavuka bahari hadi Perge.