Ukahawia wa picha ya babu siyo uzee

Wadau, kabla hujabonyeza ile filta ya kizamani, jua rangi hiyo ilikuwa kazi ya mtu.

Albamu za Handeni na Korogwe, hadi Kang'ata huko, zina babu kasimama na suti, nyuma pazia, jina hakuna. Aliyempiga picha naye jina hakuna. Watu wanasema picha imezeeka. Kuna zilizozeeka kweli: haikusuuzwa vizuri, dawa ikabaki kwenye karatasi ikaanza kuila. Hizo zina mabaka na sura inafifia.

Nyingine ni makusudi. Weusi wa picha ni chembe za fedha, hii hii ya pete. Fundi aliipausha kwa dawa mpaka sura karibu ipotee (mteja angeona angezimia!), halafu akaichovya kwenye salfaidi. Sura inarudi, kahawia, na chumba kinanuka mayai viza. Fedha sasa imegeuka salfaidi ya fedha, na hewa chafu haiiwezi kirahisi. Karatasi za kloridi na bromidi, zenye chembe ndogo, weusi wake tayari huelekea kahawia, hivyo zilishika rangi upesi.

Studio hazikuanza juzi. Capital Art Studio ya Zanzibar ilifunguliwa 1930.

Sasa mjukuu anaiskani, anaigeuza nyeusi kwenye simu, eti kaisafisha. Kafuta kazi ya fundi! Geuza nyuma kwanza, huenda kuna muhuri wa studio. Jina la babu muulize bibi, leo.