Mumiani wa Mombasa na Kicheko cha Shagal

Januari 1947 Mombasa ilisimama. Makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli na watumishi wa majumbani waligoma kwa takriban wiki mbili, wakidai mshahara wa kumtosha mtu kulipia chumba na kula. Agosti serikali ilimkamata msemaji wao, Chege Kibachia, ikampeleka kizuizini Kabarnet. Mwaka huohuo umati ulikivamia kituo cha zimamoto cha mji. Safari hii halikuwa suala la mshahara. Watu waliamini kuwa mle ndani mna mumiani.

Masimulizi yalifanana kutoka pwani hadi Kampala. Gari jekundu hupita usiku, humkuta mtu peke yake, na mtu huyo hunyakuliwa kabla hajapiga kelele. Huteremshwa shimoni kituoni, damu yake ikavutwa kwa mpira na kupelekwa kwa Wazungu. Nairobi ilisemekana kuwa baadhi ya wanawake wa Pumwani huwavutia wapenzi wao ndani, kisha huwauza kwa wazimamoto. Mapenzi na damu vikawa hadithi moja. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo Kenya na Uganda, akayatolea kitabu mwaka 2000. Aliyasikiliza kama ushahidi: watu walikuwa wanasema nini kuhusu kazi, mji na serikali walipotaja damu?

Kabla ya kuwa jina la mtu, mumiani ilikuwa dawa, kitu cheusi kama utomvu kilichosemekana kutoka Uajemi, cha kutibu mifupa iliyovunjika. Huko Ulaya nako, wauza dawa kwa karne kadhaa waliuza unga wa maiti zilizokaushwa za Misri. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inaitaja dawa hiyo pamoja na hofu yake: wengi waliiamini kuwa ni damu ya binadamu, na uvumi ukizuka kuwa inatafutwa, jua likitua watu hawatoki nje.

Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu, na Kisauni, Mombasa, ndipo mahali pazuri pa kuielewa. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) walianzisha hapa kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wenyeji husimulia kuwa kengele ya mahali paitwapo Kengeleni ilipigwa kuwaonya wanakijiji kila wawindaji wa watumwa walipokaribia. Wazee wa Frere Town walikuwa wamekamatwa wao wenyewe, wakafungwa, wakavushwa bahari. Wajukuu wa watu hao wakiambiwa kuwa kuna gari linalokamata watu usiku, wangelikanushaje? Mwaka 1947 miili ya makuli ilikuwa ikinyonywa kweli, mchana kweupe, kwa ujira usiotosha. Uvumi wa mumiani ulikuwa mashtaka ya wanyonge dhidi ya wenye nguvu.

Ulaya mashtaka kama hayo yalielekezwa chini. Mwaka 1144 mvulana aitwaye William alikutwa ameuawa karibu na Norwich, Uingereza, na Wayahudi wakasingiziwa. Baadaye ikazuka hadithi kuwa Wayahudi hutumia damu ya watoto wa Kikristo katika ibada. Papa Innocent IV aliikanusha mwaka 1247, lakini haikufa. Mwaka 1911 Menahem Mendel Beilis, mfanyakazi wa kiwanda cha matofali mjini Kiev, alikamatwa kwa singizio hilohilo, akakaa gerezani miaka miwili hadi mahakama ilipomwachilia.

Ndiyo maana mzaha mmoja wa sinema una uzito mkubwa. Mwaka 1967 Roman Polanski, Myahudi aliyenusurika utotoni ghetto ya Kraków na ambaye mama yake aliuawa Auschwitz, alitoa filamu ya kuchekesha ya wanyonya damu, The Fearless Vampire Killers. Kijana mwoga Alfred anampenda Sarah, binti wa mwenye nyumba ya wageni, naye Sarah anatekwa na bwana wa ngome. Baba yake, Shagal, ni Myahudi. Anakufa, anafufuka mnyonya damu, anamwendea kijakazi Magda. Magda anamnyooshea msalaba. Shagal anacheka: msalaba huo haumhusu, amekosea mnyonya damu. Watu waliochinjwa kwa karne nyingi kwa uongo wa damu wanaushika uongo uleule na kuuchekea usoni. Nauheshimu mno mzaha huo, maana umelipiwa kwa gharama kubwa.

Kicheko cha Shagal na uvumi wa Mombasa vilitoka kwa watu walioelemewa. Ila uvumi hauna mwenyewe, na unaweza kugeuka. Malawi, mwaka 2017, uvumi wa wanyonya damu ulizuka kusini mwa nchi. Vikundi vya wananchi viliua watu walioshukiwa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake Mulanje na Phalombe. Chombo kilichowahi kuwashtaki wakubwa kilimwangukia mpita njia.

Kwa hivyo neno mumiani likisikika tena mitaani, Kisauni au kwengineko, tuulize kwanza nani anasema na kidole kinamwelekea nani. Kikimwelekea mwajiri au afisa, tusikilize dhuluma iliyo nyuma ya hadithi. Kikimwelekea mgeni, mgonjwa au maskini asiye na wa kumtetea, ni wajibu wa majirani kusimama mbele yake kabla jiwe la kwanza halijarushwa.